Kura 429 za Manchester na Watu Ambao Hawakuulizwa



Uchaguzi mdogo unapofanyika katika jimbo lolote, swali la kwanza linaloulizwa maofisini, shuleni na sokoni huwa ni moja: nani ameshinda, na kwa kura ngapi? Hilo ni swali halali. Lakini liko swali la pili, zito kuliko la kwanza, ambalo mara nyingi halisikiki kwa sababu ya kelele za ushindi: ni nani walioandikwa katika daftari la wapiga kura, na ni nani ambao jambo lenyewe linawahusu lakini hawakuulizwa? Ili maswali hayo mawili yaonekane pamoja, hapana budi kuutazama uchaguzi mdogo mmoja uliofanyika mbali na hapa, katika mji wa Manchester huko Uingereza, tarehe 24 Aprili 1908. Mtu aliyeshindwa siku hiyo alikuwa ametoka kutembea Afrika Mashariki miezi michache tu kabla yake, naye hakuja kama mtalii wa kawaida bali kama mmoja wa mabwana wa nchi.

Mtu huyo alikuwa Winston Churchill. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 33, na tangu Desemba 1905 alikuwa Naibu Waziri wa Makoloni. Waziri wake, Lord Elgin, alikuwa mjumbe wa Baraza la Malodi, kwa hiyo katika baraza lile lililochaguliwa na wananchi ni Churchill aliyesimama kujibu maswali yote ya makoloni. Mwishoni mwa Oktoba 1907 aliteremka Mombasa. Akapanda gari moshi la reli ya Uganda, mara nyingine akiketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili aone wanyama vizuri. Akapita Nairobi, akavuka ziwa mpaka Uganda, akakutana na Kabaka Daudi Chwa ambaye alikuwa mtoto wa miaka 11, kisha akateremka na mto Nile hadi Khartoum. Njiani aliwinda, akala na magavana, akasikiliza malalamiko ya walowezi, na akaandika makala zilizolipwa fedha nzuri na jarida moja la London. Katika makala hizo aliisifu sana Uganda, na moja ya mambo yaliyomvutia huko ni pamba.

Pamba ndiyo kamba inayoifunga Manchester na Afrika Mashariki. Manchester ulikuwa mji mkuu wa biashara ya nguo duniani, na wenye viwanda wa eneo lile walikuwa na hofu ya kutegemea pamba ya Marekani peke yake. Mwaka 1902 waliunda chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni ya Uingereza, na baada ya muda mfupi mbegu zilikuwa zimefika Uganda. Upande wa huku, chini ya Wajerumani, pamba ilikwisha kuleta maafa. Wamatumbi walipong'oa miche ya pamba mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilianza, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kwa hiyo mpiga kura wa Manchester mwenye ofisi ya kuuza vitambaa hakuwa mtu wa mbali sana na mkulima wa Afrika. Walikuwa wakikutana kila siku katika bei, ingawa mmoja tu ndiye aliyekuwa na kura.

Churchill alirudi London Januari 1908. Mapema Aprili Waziri Mkuu, Campbell-Bannerman, alijiuzulu kwa ugonjwa, na mrithi wake, Asquith, akampandisha Churchill kuwa Waziri wa Biashara na mjumbe kamili wa Baraza la Mawaziri. Hapo ndipo sheria moja ya kale, iliyokuwapo tangu 1707, ilipomkamata. Sheria hiyo ilisema kwamba mbunge yeyote anayepewa cheo cha uwaziri chenye mshahara wa mfalme lazima akiachie kiti chake na kurudi kwa wapiga kura kuomba ridhaa upya. Shabaha yake ilikuwa njema: kumzuia mfalme asiwanunue wabunge kwa vyeo. Hebu fikiria jambo hilo kwa makini. Leo mtu akipewa uwaziri hupongezwa, hupigwa picha, na wazee wa kwao huchinja. Uingereza ya siku hizo, mtu aliyepewa uwaziri alipaswa kwanza kwenda kuzomewa jimboni.

Na Churchill alizomewa kwelikweli. Katika uchaguzi mkuu wa 1906 aliichukua Manchester Kaskazini-Magharibi kwa kura 5,639 dhidi ya 4,398 za mgombea wa Chama cha Conservative, William Joynson-Hicks, wakili asiyegusa pombe na Mprotestanti wa msimamo mkali. Tofauti ilikuwa kura 1,241. Sasa mwaka 1908 mgombea yule yule alirudi kupambana naye, na safari hii akaja akiwa na watu wengi waliokuwa na kinyongo. Wenye vilabu vya pombe walikuwa wamekasirishwa na muswada wa serikali wa kupunguza leseni zao. Wakatoliki, ambao wengi wao walikuwa na asili ya Ireland, walikuwa na mashaka na sera ya serikali kuhusu shule za dini zao. Wayahudi waliokimbilia Manchester kutoka Urusi walitaka kujua kwa nini sheria ya 1905 ya kuwazuia wageni haijafutwa. Wafanyabiashara waliompa Churchill kura mwaka 1906 kwa kuwa alitetea biashara isiyo na ushuru mkubwa, safari hii waliona hatari hiyo imekwisha pita, basi wakarudi katika chama chao cha zamani.

Jimbo lenyewe lilikuwa la namna ya pekee. Lilichukua sehemu ya katikati ya mji, penye maghala, mabenki na ofisi za wafanyabiashara, na kwa sheria za wakati ule mwenye ofisi hapo aliweza kupiga kura hapo hata kama nyumba yake iko kwingine ambako pia alikuwa na kura. Mtu mmoja, kura mbili. Wakati huo huo mfanyakazi aliyepanga chumba kimoja, au aliyehama mtaa kwa kutafuta kazi, jina lake liliweza kukosekana katika daftari. Katika Uingereza nzima wanaume watu wazima wapatao theluthi mbili hivi ndio waliokuwa na haki ya kura. Wanawake hawakuwa nayo hata mmoja.

Wanawake hao hawakukaa kimya, na hapa habari ya Manchester inastahili kusimuliwa polepole, maana ndiyo sehemu yake iliyo bora. Mji huo ulikuwa nyumbani kwa familia ya Pankhurst iliyoongoza madai ya haki ya wanawake kupiga kura, na tangu 1905 mikutano ya Churchill ilikuwa ikivunjwa na maswali yao. Katika uchaguzi huu mdogo walihubiri mitaani kwamba asichaguliwe. Kundi jingine lilitetea wanawake waliofanya kazi ya kuhudumia katika vilabu vya pombe, ambao waliogopa kwamba sheria mpya ingewanyang'anya riziki. Kundi hilo lilizunguka mji kwa gari lililokokotwa na farasi wanne, na aliyeshika hatamu alikuwa mwanamke, Constance Markievicz kutoka Ireland. Mtu mmoja katika umati alimkejeli kwa kumwuliza kama anajua kupika. Jibu lake lilikuwa kwamba anajua, je, muulizaji anajua kuendesha farasi wanne? Miaka kumi baadaye, mwaka 1918, mwanamke huyo huyo alikuwa wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Uingereza, ingawa kwa msimamo wa chama chake cha wapigania uhuru wa Ireland alikataa kwenda kukaa humo. Watu hao hawakuwa na kura hata moja, lakini walijua kwamba kushindwa kwa waziri mmoja katika jimbo moja kungesikika nchi nzima.

Mgombea wa tatu alikuwa Dan Irving, mjamaa. Wafuasi wa ujamaa waligawanyika juu yake. Mwandishi mashuhuri H. G. Wells, ambaye mwenyewe alikuwa mjamaa, aliandika barua ya wazi kuwahimiza wenzake wampe Churchill kura na kumwacha Irving. Wapo waliomwona Wells kuwa msaliti, na ubishi huo uliendelea muda mrefu.

Matokeo yalipotangazwa, kura zilizopigwa zilikuwa 10,681. Joynson-Hicks alipata 5,417, Churchill 4,988, na Irving 276. Tofauti ya wawili wa juu ilikuwa kura 429.

Walimu wa hesabu watapenda kuzichambua namba hizo pamoja na wanafunzi. Hata kama wote 276 wa Irving wangemfuata Wells, Churchill angeshindwa kwa kura 153. Lakini kama watu 215 tu kati ya waliompa Joynson-Hicks wangebadili nia, waziri angerudi Bungeni kwa ushindi wa kura moja. Watu 215 wanaenea katika ukumbi mmoja wa shule. Kumbuka vilevile kwamba Churchill alipoteza kura 651 kutoka zile za 1906, na mpinzani wake aliongeza 1,019. Maana yake ni kwamba si wote waliomwangusha waliotoka kwake, bali baadhi yao walikuwa watu ambao mara ya kwanza hawakupiga kura hapo.

Basi waziri mpya wa dola kubwa kuliko zote duniani alikuwa ameondolewa Bungeni na kundi dogo la wenye maduka, mawakili, waumini na wauza pombe. Ni ubishi usio na maana kudai kwamba hilo halikuwa jambo kubwa. Mwenye madaraka alilazimika kusimama mbele ya watu wadogo, akajieleza, akachunguzwa, akakataliwa, na hakuna askari aliyeitwa. Haki hiyo haikuletwa na mabepari wa Uingereza kwa hiari yao. Wafanyakazi wa nchi hiyo waliipigania kwa karne nzima, na Manchester hiyo hiyo ilimwaga damu ya watu wake mwaka 1819 walipokusanyika kudai kura.

Ndipo linapokuja swali la pili.

Januari 1908, wakati Churchill alipokuwa akirejea Uingereza kutoka safarini, ofisa mmoja wa Kiingereza katika nchi ya Wagusii, magharibi ya Kenya, alichomwa mkuki. Hakufa. Hata hivyo jeshi lilipelekwa, likachoma vijiji, likateka ng'ombe na kuua watu kwa wingi. Taarifa zilipofika London, Churchill mwenyewe, mwezi Februari, aliandika ndani ya faili maneno ya kupinga, akihoji ulazima wa kuendelea kuwaua watu wasio na uwezo wa kujitetea kwa kiasi kile. Kwa mtu wa cheo chake maneno hayo yalikuwa makali, na ni haki kuyataja. Lakini yalibaki katika faili. Majuma machache baadaye alisimama Manchester, na hoja zilizoamua kura zake zilikuwa leseni za pombe, shule za dini, ushuru wa forodha na mambo ya Ireland. Wagusii walikuwa chini ya wizara yake kwa zaidi ya miaka miwili, naye alikuwa msemaji wao Bungeni pasipo wao kujua kwamba wana msemaji. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji.

Isidhaniwe kwamba wapiga kura wa Uingereza hawakuweza kabisa kuguswa na mambo ya watu wa mbali. Mwaka 1906 chama cha Churchill kilipata ushindi mkubwa nchi nzima, na moja ya hoja zake ilikuwa mateso ya vibarua wa Kichina waliopelekwa katika migodi ya Transvaal. Picha zao zilibandikwa kutani. Mchina wa mgodini aliweza kuwa picha ya kampeni. Kuwa mpiga kura hakuweza. Na picha hubanduliwa uchaguzi ukiisha.

Na je, huku Rungwe? Mwaka huo wa 1908 Tukuyu ilikuwa ikiitwa Neu-Langenburg, boma la Wajerumani lililotoza kodi ya nyumba na kutoa amri. Wamisionari wa Moravian walikuwa wamekwisha kaa Rungwe tangu 1891. Bwana wa boma alitumwa na serikali ya Berlin, na Berlin nayo ilikuwa imetoka katika uchaguzi wake. Mwisho wa 1906 Bunge la Ujerumani lilikataa kutoa fedha zaidi kwa vita dhidi ya Wanama na Waherero huko Namibia. Kansela akalivunja, na uchaguzi wa Januari 1907 ukapigwa juu ya makoloni. Chama cha wajamaa kilichopinga vita hivyo kilianguka kutoka viti 81 mpaka 43. Kwa hiyo katika miaka miwili hiyo Wajerumani walipiga kura juu ya Afrika wakijua wanalofanya, na watu wa Manchester walimhukumu bwana wa Afrika bila kuikumbuka Afrika. Kwa mzee wa Kinyakyusa aliyekuwa akibeba kodi yake kuelekea bomani, tofauti kati ya chaguzi hizo mbili haikuwapo.

Churchill hakukaa nje muda mrefu. Chama kilimtafutia Dundee, mji wa Uskoti wenye viwanda vya magunia, na tarehe 9 Mei 1908 akashinda huko kwa kura 7,079, huku anayemfuata akipata 4,370. Hata huko mwanamke mmoja alimwandama akipiga kengele kila alipofungua kinywa kuhutubia. Sheria ya kuwarudisha mawaziri kwa wapiga kura ilipunguzwa nguvu mwaka 1919 na kufutwa 1926, kwa maelezo kwamba inasumbua. Joynson-Hicks alikipoteza kiti cha Manchester Januari 1910, lakini baadaye wapinzani hao wawili walikaa pamoja katika baraza moja la mawaziri, mmoja akiwa wa Fedha na mwingine wa Mambo ya Ndani. Na ni huyo Joynson-Hicks aliyeusimamia Bungeni muswada wa 1928 uliowapa wanawake wa Uingereza haki ya kura sawa na wanaume. Siasa ina vichekesho vyake.

Dundee nayo ilimkataa Churchill mwaka 1922, mwezi mmoja tu baada ya kuondoka katika cheo cha Waziri wa Makoloni. Wawili walioshinda viti vya mji huo mmoja wao alikuwa E. D. Morel, mtu yule aliyefichua ukatili wa Mfalme Leopold na mpira wa Kongo. Machi ya mwaka huo huo, Churchill akiwa bado Waziri wa Makoloni, polisi walikuwa wamewapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe. Itakuwa si kweli kusema kwamba watu wa Dundee walimwadhibu kwa sababu ya Nairobi. Waliandamana na mambo yao: ajira, pombe, vita. Ni bahati tu iliyoziweka habari hizo mbili katika mwaka mmoja.

Katika Tanganyika Waingereza waliunda Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja ndani yake. Waafrika wa kwanza wawili, Mangi Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia 1945, nao waliteuliwa na Gavana. Kura yenyewe ilikuja 1958 na 1959, nusu karne kamili baada ya ile ya Manchester, na ilipokuja ilifanana nayo kwa jambo moja: haikuwa ya kila mtu. Aliyetaka kuandikishwa alipaswa awe ametimiza miaka 21, na awe na elimu ya darasa la nane, au pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe ameshika cheo kilichotambuliwa. Mkulima wa migomba na kahawa aliyekuwa akilisha wilaya nzima, kama hakufika darasa hilo wala pato hilo, alibaki nje.

Waliokuwa ndani ni akina nani? Kwa sehemu kubwa ni walimu na makarani. Na hao ndio waliokuwa wamefungwa kwa kamba nyingine, kwa kuwa tangu 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Mwalimu Nyerere alilipa gharama hiyo mwaka 1955 alipoacha kazi ya ualimu Pugu ili aendelee kuiongoza TANU. Wengine wengi walibaki darasani, wakawa wapiga kura wasioruhusiwa kuwa na chama. Mwezi Januari 1958, huko Tabora, wanachama wa TANU walibishana vikali kama washiriki katika uchaguzi wa masharti ya namna hiyo au waususe. Waliamua kushiriki, na Zuberi Mtemvu na wenzake wakajitenga.

Basi mwalimu aliyefika kituoni alipewa karatasi moja yenye sehemu tatu: ya Mwafrika, ya Mwasia na ya Mzungu. Hakuruhusiwa kumchagua aliyemtaka na kuwaacha wengine. Ilimpasa kuweka alama tatu, na karatasi yenye alama moja au mbili ilihesabiwa kuwa imeharibika.